Dawati la Upande wa Mawe

Kwetu, Kakamega, mwalimu huomba mvua kama mtu mwingine yeyote. Mvua ikinyesha watu hula, na watu wakila watoto huja shuleni. Kakuma nilikuta mambo yamegeuka. Ukame ulipokaza, akina mama walituletea watoto hata wale ambao hawajaanza kung'oka meno ya utotoni, kwa sababu jikoni kwa shule palikuwa na sufuria ya mahindi na maharagwe. Wingu likitanda upande wa milima ya Loima, na harufu ya udongo uliolowa ikaja na upepo, nilijua kwamba muda si muda nitakuta madawati yako wazi. Nyasi zimeota, mifugo inahama, na mtoto anayejua kuchunga hakai darasani kujifunza majina ya mito ya nchi nyingine. Kwa hiyo miaka yote niliyokaa huko sikujua vizuri niombe nini.

Nilianzia Lodwar, katikati ya miaka ya sabini. Wakati huo mtu aliyefika kutoka kusini alisemwa ametoka Kenya, na akipata likizo alisemwa anaenda Kenya, wala hakuna aliyeona jambo la kuchekesha hapo. Nilifundisha Lodwar kwa muda mfupi, watoto wa makarani na wafanyabiashara, ambao wengi walijua Kiswahili. Kisha nikapandishwa lori lililobeba mahindi nikapelekwa Kakuma, nikakabidhiwa darasa la nne. Niliambiwa nitapanda nalo hadi la saba, maana hapakuwa na mwalimu mwingine wa kulipokea njiani.

Darasa lile lilikuwa nchi mbili chini ya bati moja. Mbele walikaa wenye viatu: mtoto wa sajini wa polisi, watoto wa muuguzi wa zahanati, binti wa Msomali mwenye duka. Nyuma, wengine kwenye madawati na wengine sakafuni, walikaa watoto wa wafugaji walioletwa na ukame, wadogo kwa wakubwa, mmoja wao akiwa na ndevu. Nikisema Kiswahili, wa nyuma walichoka kusikiliza wakaanza kurushiana kokoto. Nikijaribu maneno yangu machache ya Kiturkana, wa mbele walicheka, na wa nyuma wakacheka zaidi, kwa sababu wao walijua nilikosea wapi.

Mwalimu mkuu hakuwa na shida hiyo. Alikuwa Mturkana, wa kwanza kusoma katika boma lao, na alishika darasa lake kwa fimbo na kwa kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesikika akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Darasa lake lilikuwa kimya kama kisima kilichokauka.

"Mwalimu," aliniambia wiki ya kwanza, "unawabembeleza. Wakikuzoea watakukalia."

"Hawanielewi, mwalimu mkuu. Nitampigaje mtoto kwa neno ambalo hajalisikia bado?"

"Atalisikia haraka akipigwa. Hawa watoto ni wa leo. Kesho hujui."

Nilidhani anazungumzia nidhamu.

Aliyeniokoa alikuwa kijana mmoja wa nyuma, mwembamba, mwenye kovu dogo juu ya nyusi. Nilikuwa nimeeleza jambo mara ya tatu, nikakata tamaa, naye akasimama bila kuombwa. Alifumba macho. Akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu anasema," kisha akaendelea kwa Kiturkana, polepole, mpaka mwisho, na wa nyuma wakaitikia kwa kunguruma kama watu walioshushiwa mzigo. Kiswahili alikiokota madukani, baba yake alipokuwa akija kuuza mbuzi. Tangu siku hiyo nikafundisha hivyo. Nilisema sentensi fupi, yeye akaipeleka nyuma, kisha darasa zima likairudia kwa Kiswahili. Na bila mtu kukusudia, wa mbele nao wakaanza kushika Kiturkana.

Ukiwa mwalimu wa darasa la aina hiyo, unagundua kwamba mfano mmoja hautoshi. Siku ya kufundisha hesabu za sehemu nilichora mbuzi ubaoni nikasema, tumgawe mara nne, kila mtu apate robo. Kijana akafumba macho, akatafsiri, kisha nyuma pakazuka ubishi mkubwa.

"Wanasema nini?" nikauliza.

"Wanauliza nani amepewa paja."

"Hakuna mwenye paja. Vipande vyote ni sawa."

Akawaambia. Walinitazama kwa huruma. Yule mwenye ndevu akasema neno, na kijana akalileta: "Anasema huyo mbuzi amegawanywa na mtu ambaye hana wazee kwao."

Nilifuta mbuzi. Binti wa mwenye duka ndiye aliyetutoa hapo, kwa kueleza jinsi baba yake anavyopima kilo ya sukari na kuigawa robo robo kwenye karatasi. Sukari haina paja. Sote tulielewa. Nami nikajifunza kumwuliza kila mtoto kwao wanagawa nini kabla sijachagua cha kugawa.

Lakini kelele na mgawanyiko wa mbele na nyuma vilibaki. Dawa yake niliiona kwenye ukingo wa mto Tarach, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Wanaume walikuwa wanakula nyama, wamekaa nusu duara kwa mpangilio ambao sikuuelewa. Nilimwuliza kijana.

"Kila mtu ana upande wake, mwalimu. Kuna Mawe, kuna Chui. Baba akiwa Chui, mtoto ni Jiwe. Baba akiwa Jiwe, mtoto ni Chui. Huchagui. Unazaliwa hivyo."

"Na wanapigana?"

"Wanashindana tu. Mawe hawezi kukubali Chui awe mbele."

Nilirudi darasani nikayahamisha madawati yote. Kushoto Mawe, kulia Chui, wenye viatu na wasio na viatu wamechanganyika. Wasichana tulikubaliana wakae upande wa kaka zao. Ikawa kazi kuwapangia wageni. Mtoto wa sajini alitumwa nyumbani akamwulize baba yake ni wa upande gani, akarudi na jibu.

"Baba anasema mwambie mwalimu mimi ni sajini."

Darasa lilishauriana. Yule mwenye ndevu akatoa hukumu kwamba mtoto huyo hupiga mpira kwa kichwa bila kufumba macho, kwa hiyo ni Jiwe. Binti wa mwenye duka akawa Chui kwa sababu anatembea bila kusikika. Nami wakaniuliza kuhusu baba yangu. Niliwaambia ni mtu mpole, analima mahindi na hasogei kwenye msimamo wake. Wakasema huyo ni Jiwe, basi mimi ni Chui.

Kuanzia hapo sikuhitaji fimbo. Upande uliopiga kelele uliaibika mbele ya mwingine, na wenyewe walinyamazishana kwa jicho tu. Mawe wakifagia, Chui walifagia na kunyunyizia maji. Mtoto mpya akiingia, hakuna aliyemwuliza kama ana viatu. Walimwuliza upande. Hata mwalimu mkuu alikuja akasimama mlangoni, fimbo iko nyuma yake, akatazama, akaondoka.

Kijana wa kutafsiri alikaa dawati la kwanza upande wa Mawe, karibu na dirisha. Tulipofika darasa la saba, wenzake wote walikuwa wanajua Kiswahili na Kiingereza cha kutosha, lakini jambo likiwa gumu macho yote yalimgeukia, naye alisimama, akafumba macho, "Mwalimu anasema." Alitaka kwenda sekondari Lodwar. Sababu yake aliniambia tukiwa tunabeba viti.

"Mjomba wangu alipelekwa kwa korti kule Lodwar. Nilikuwa nimekaa hapo nyuma. Mjomba alisema maneno mengi sana, mwalimu, mpaka jasho. Yule mtu wa kutafsiri akasema machache. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilisikia yamepotea njiani."

"Na wewe ungefanya nini?"

"Ningeyafikisha yote."

Hilo ndilo alilolitaka. Kulipata kulihitaji mtihani wa mwisho wa darasa la saba, na jina lake lilikuwa limeshapelekwa, na namba yake ilikuwa imeshakuja. Mimi nilikuwa na hakika atapita, kama mtu anavyokuwa na hakika kwamba jua litatoka Kakuma.

Wiki chache kabla ya mtihani mvua ilinyesha Loima, mvua isiyo ya msimu, nyingi. Wachache walitoroka, nikawafuata wengine nikawarudisha. Kijana hakutoroka. Lakini asubuhi moja, katikati ya somo, baba yake alitokea mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la safari hadi magotini, ameshika fimbo na kigoda chake cha mti. Kando yake alisimama msichana mdogo, kichwa kimenyolewa pembeni, shanga shingoni, anatazama bati la juu.

"Ejok," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Ejok," akajibu. Akaingia, akaweka kigoda chake mbele ya ubao, akakaa. Nilimwita mwalimu mkuu, naye akaja. Alisimama ukutani. Mzee alianza kuzungumza, na kijana, kwa mazoea ya miaka minne, akasimama akafumba macho.

"Mzee anasema," akaanza, na nikaona kwamba hakusema baba. "Mzee anasema, ametembea siku nyingi. Anasema mtoto wake mkubwa, yule wa ngamia, ameshikwa na homa huko Loima, amekufa."

 Kijana akangoja baba yake aseme sentensi inayofuata, kisha akaipeleka.

"Anasema ngamia wako peke yao na mama. Anasema hakuna mwingine anayejua visima. Anasema, zamani serikali ilitaka mtoto mmoja kutoka kila boma. Watu wengine walitoa wale wavivu, wale ambao wanapoteza mbuzi. Yeye alitoa mzuri. Kwa hiyo sasa anamchukua, lakini hamchukui bure. Amemleta huyu."

Msichana alisukumwa mbele kidogo.

"Anasema ana macho mazuri. Halali ovyo. Hajakuletea kitu kibovu."

Nilielewa polepole, kama mtu anayesoma mwandiko wa mgeni. Mzee huyu hakuja kuiibia shule. Alikuja kulipa. Kwa hesabu yake, boma lake lina nafasi moja shuleni, na nafasi ile imetoka mtu, kwa hiyo inaingia mtu. Alikuwa ametembea na mtoto huyo mdogo njia yote hiyo, akiwa na msiba, ili nisibaki na pengo.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema mtihani uko karibu sana. Nilisema mtoto huyu amesoma miaka mingi kwa ajili ya siku chache hizo, na mwingine hawezi kuufanya kwa niaba yake. Nilisema, amwache mpaka amalize, mimi mwenyewe nitampandisha lori la Lorugum, njia ya kwenda Loima. Kijana alitafsiri. Kwa neno mtihani alichukua muda mrefu, akilizunguka, akilieleza, mikono yake ikipima kitu hewani. Hakufupisha. Kila nilichosema kilifika.

Mzee alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, na kijana akaleta swali.

"Anauliza, huo mtihani unahama?"

"Hapana. Uko hapa kila mwaka."

"Anasema basi utamngoja huyu mdogo. Nyasi ndizo hazingoji."

Nilimgeukia kijana. "Na wewe? Wewe unasema nini?"

Alifumbua macho. Alinitazama, halafu akamtazama baba yake, aliyekuwa anangoja kuelezwa nimesema nini.

"Mwalimu," akasema, "mimi natafsiri tu."

 Mzee aliinuka, akachukua kigoda. Kijana aliweka kalamu yake ndani ya dawati, akavua viatu vya raba alivyopewa na shule, akavipanga chini yake. Alimwambia dada yake neno moja. Msichana akaenda akakaa pale alipotoka kaka yake, na upande wote wa Mawe ukasogea kumpa nafasi, kwa sababu kama kaka yake ni Jiwe naye ni Jiwe, na kwao mambo yalikuwa yamekaa sawa. Mpangilio wangu mwenyewe ndio uliompokea.

Kwenye dirisha niliwaona wawili hao wakivuka mchanga wa Tarach. Kijana alitembea nyuma ya baba yake. Hakugeuka, na mimi nilimshukuru kwa hilo.

Mwalimu mkuu alibaki baada ya watoto kutoka.

"Ungeweza kumzuia," nikamwambia. "Wewe ni mtu wao."

"Ningemzuia. Nao wasingeleta mtoto tena, yeye wala jirani zake." Alikuwa anakigeuzageuza kile kibao cha mbao mikononi. "Mimi pia nilitolewa hivyo, mwalimu. Mmoja wa boma. Ndugu yangu aliyebaki na ng'ombe hakufa. Tofauti ni hiyo tu."

Baadaye kidogo akasema, "Ndiyo maana nawaharakisha. Wewe unafundisha kama mtu ambaye atakuwa nao kesho. Mimi sijawahi kuwa na hakika hiyo." Alisema hivyo bila kunilaumu. Sijaacha kuamini njia yangu, na yeyote anayeanza kufundisha huwa namwambia ajitahidi kupoteza muda na watoto. Lakini tangu jioni ile sikumwona tena kama mtu mkali. Nilimwona kama mtu anayekimbizana na wingu.

Msichana hakukubali kuhamishiwa darasa la kwanza. Nilipompeleka alirudi. Alikuwa ameambiwa akae pale, na pale alikaa, miguu haifiki chini, akiwasikiliza wakubwa wakirudia kanuni za hesabu. Niliacha. Nilimpa karatasi na kipande cha penseli, naye alichora ngamia, mmoja nyuma ya mwingine, wote wakielekea upande mmoja.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka Lodwar, mtu wa kusini kama mimi, mwenye shati jeupe na haraka. Sheria ilisema kila aliyeandikishwa awekewe dawati, awepo asiwepo. Tulibandika namba. Yake ilibandikwa kwenye dawati la dirishani. Watahiniwa walipoingia, msichana aliingia nao, amenawa uso, akakaa juu ya ile namba.

"Huyu ni nani?" msimamizi akauliza.

Mtoto wa sajini ndiye aliyejibu. "Ni wa hapo, bwana. Aliletwa badala."

"Badala ya nani? Mtihani hauna badala. Mtoe, mwalimu."

Nilimshika mkono. Hakupinga, lakini hakuinuka. Alitazama upande wa Mawe, akingoja mmoja wao aseme kitu, nao walitazama karatasi zao. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi sana. Huko nje nilijaribu kumweleza, kwa Kiturkana changu kibovu, kwamba hajafanya kosa. Aliniuliza jambo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne hapakuwa na mtu wa kunitafsiria. Nadhani aliuliza kama baba yake atajua.

Tulikaa kivulini mwa jengo mpaka kengele ilipolia. Kupitia dirisha niliweza kuona karatasi ya kijana iko juu ya dawati, imegeuzwa uso chini, jiwe dogo limewekwa juu yake isipeperuke. Ilikaa hivyo mpaka ikakusanywa.

Baada ya hapo niliomba kurudi darasa la kwanza, nikaanza upya, naye akakaa mbele yangu, upande wake. Alikuwa mtoto wa kimya, mwenye bidii isiyo na furaha nyingi, kama mtu anayelinda mali ya mwingine. Kiswahili alikijua upesi. Habari za kaka yake alinipa akiwa nazo: wako Loima, wamevuka upande wa mpaka karibu na Lokichoggio, wamerudi. Mara moja alisema ngamia wamezaa. Hakuwahi kuniambia kama kaka yake huuliza habari za shule, nami sikumwuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipata uhamisho wa kurudi Lodwar. Lori lilikuja asubuhi, nalo lilikuwa na samaki wakavu wa ziwani, harufu yake ikatangulia. Watoto walinisaidia kupakia sanduku langu na godoro. Yeye, sasa akiwa darasa la nne, alibeba kiti changu, akakipandisha, kisha akabaki ameshika ubao wa nyuma wa lori.

"Mwalimu, wanamleta nani badala yako?"

"Atakuja mwalimu mwingine."

"Ni mzuri?"

"Nadhani ni mzuri."



"Ni wa upande gani?"

Dereva alikuwa amekwishawasha injini. Nilimwambia sijui, na kwamba akifika watamwuliza habari za baba yake. Akatikisa kichwa kukubali, akaachia ubao, akarudi darasani kabla lori halijaondoka, kukaa mahali pake.